Wa 61 kati ya 61

Ijumaa iliyopita, katika kikao cha wazazi cha shule moja hapa Moshi, mwalimu alisoma kwa sauti nafasi za watoto wa darasa la tano kuanzia wa kwanza hadi wa 61, na huyo wa 61 ni mtoto wa dada yangu. Watoto wenyewe walikuwa nje ya dirisha, wanasikia kila kitu. Baba mmoja alicheka. Baraza la Mitihani la Tanzania liliacha kutangaza shule na watahiniwa kumi bora mwaka 2023. Inaelekea habari hiyo bado haijapanda mlima.

Kijana wetu ana disleksia. Herufi humpiga chenga, ingawa ukimsimulia kisa leo, kesho atakurudishia chote. Wala si jambo geni: mwaka 1896 daktari Mwingereza, Pringle Morgan, alieleza habari za mvulana wa namna hiyo, ambaye mwalimu wake alisema angewapita wenzake wote endapo masomo yangetolewa kwa mdomo tu. Sisi bado tunauita uvivu.

Lakini nafasi hiyo siyo inayoniuma zaidi. Tangu mwezi wa tatu mtoto amekuwa mkali, hataki kucheza, usiku hapati usingizi, na kila Jumatatu asubuhi tumbo linamuuma. Sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito, kwa mtoto mara nyingi haiji na machozi. Huja na hasira na maumivu ya mwili, nasi watu wazima, mabingwa wa kusoma, tunasoma hapo kiburi. Basi mwalimu humchapa, baba yake humnunia, nami nakiri niliwahi kumwambia ajikaze kiume, na hivyo tukawa tunamfungia milango mmoja baada ya mwingine, wakati mtoto anayeshindwa darasani anahitaji walau mtu mzima mmoja asiyemwonea haya.

Nakubali, shingo upande, kwamba mwalimu mwenye watoto 61 hawezi kuketi na kila mmoja. Kutosoma orodha ile, hata hivyo, kusingemgharimu senti.

Jumamosi nilimkuta kijana wetu kwa fundi baiskeli wa Kiborloni, mzee asiyejua disleksia ni nini, ambaye humwita “fundi mwenzangu” na kumwachia baiskeli za wateja. Ripoti ilichungulia mfukoni mwa kaptula, imekunjwa ikawa ndogo kama kiberiti. Sikuiomba. Alikuwa ameinamia gurudumu, akikaza spoki moja moja.

“Mjomba, subiri kidogo,” aliniambia bila kuinua kichwa. “Bado linayumba.”