Kiinua Mgongo Changu Kina Wenyewe

Mimi ni bwana afya. Kazi yangu ni kukagua vyoo vya baa, mabucha na vibanda vya mama lishe, kisha kuwaandikia ilani watu ambao kesho yake nitabanana nao kwenye daladala. Nimeifanya miaka 30, Morogoro mjini na vijijini, na mwaka huu nimetimiza 55. Sheria inasema mtumishi wa umma akifika 55 anaruhusiwa kustaafu kwa hiari. Akifika 60 anastaafu apende asipende. Maprofesa wa vyuo vikuu vya umma na madaktari bingwa wameongezewa hadi 65, maana vichwa vyao bado vinahitajika. Pua ya bwana afya hakuna aliyeiombea nyongeza.

Juzi kwenye chai ya saa nne nikatamka, tena kwa sauti ya chini na chapati mdomoni, kwamba nafikiria kustaafu kwa hiari. Sijaandika barua. Sijamwambia mwajiri. Nimefikiria tu! Chapati haijashuka kooni, habari imeshafika Kilosa.

Mdogo wangu wa Kilosa ni mtu wa kubipu. Tangu simu za mkononi ziingie nchini hajawahi kunimalizia sentensi kwa salio lake. Siku hiyo alipiga yeye, na akaongea mpaka sikio likapata joto. "Shikamoo kaka. Habari za mapumziko?" Mapumziko! Niko juu ya pikipiki ya serikali, naelekea machinjioni, koti la mvua limenasa kwenye mnyororo. Akaniambia kuna pawatila mahali, ile trekta ndogo ya mkono, bado nzima kabisa, mwenye nayo ana shida ya haraka, na kwamba ardhi ya baba inatuita. Miaka yote ardhi ya baba imekuwa ikimwita yeye peke yake, na kila ikimwita anauza kipande.

Shemeji yangu yeye alilenga mkupuo, zile fedha za kiinua mgongo zinazolipwa kwa mara moja, wala hakuzunguka mbuyu. "Shemeji, mkupuo ukitoka tukae tuongee kuhusu ile Noah ya Dumila." Ipi hiyo? Sijawahi kusikia habari za Noah yoyote ya Dumila, lakini yeye anaitaja kwa jina la utani, na ana dereva tayari. Kijana wangu wa mwisho, aliyekuwa anatembeza bahasha za kuomba kazi mji mzima, amezipumzisha. Anasema anasubiri kwanza "tuone uelekeo". Na kwenye kamati ya harusi ya binti wa jirani, mimi niliyeandikwa singo tangu mwanzo, nimepelekewa kadi imeandikwa dabo, yaani mchango wa watu wawili. Nikamuuliza mweka hazina kulikoni. Akacheka, akasema, "Mzee, si tumesikia?"

Hebu basi tukae chini tupige hiyo hesabu, kabla hawajaimaliza wao.

Kikokotoo, yaani kanuni ya kupigia hesabu ya mafao, kinaangalia wastani wa mishahara ya miaka yako mitatu minono. Tuseme wangu ni 1,200,000 kwa mwezi, yaani 14,400,000 kwa mwaka. Miaka 30 kazini ni miezi 360. Zidisha mshahara wa mwaka kwa miezi, gawa kwa 580, inakuja 8,937,931. Hiyo ndiyo pensheni kamili ya mwaka. Chukua asilimia 40 yake, zidisha kwa 12.5, huo ndio mkupuo: milioni 44 na laki sita na kidogo. Asilimia 60 inayobaki unaigawa kwa miezi 12, unakuwa unapokea kama 446,900 kila mwezi hadi Mungu atakapokuita. Nikivumilia mpaka 60 kwa mshahara huohuo, mkupuo unafika milioni 52 na pensheni ya mwezi inakuwa kama 521,400. Si haba. Ila ni miaka mitano mingine ya kuinama kwenye mashimo ya vyoo vya baa, na kiuno hakina kikokotoo.

Kinachoniuma ni kile cha zamani. Wenzangu waliotangulia, wa mifuko ya pensheni ya PSPF na LAPF, walikuwa wanagawa kwa 540, wanazidisha kwa 15.5, na wanachukua nusu nzima. Kwa mshahara wangu huohuo na miezi hiyohiyo, ingekuwa 74,400,000 mkononi na 400,000 kila mwezi. Karibu milioni 30 za mkupuo zimeyeyuka nikiwa nimekaa, naandika ilani.

Na zilivyoyeyuka ni kwa vituo. Mwaka 2018 mifuko minne, PSPF, LAPF, GEPF na PPF, ikaunganishwa ikawa PSSSF, mfuko mmoja wa watumishi wa umma. Kabla ya mwaka kuisha tukaambiwa mkupuo ni asilimia 25. Ofisini kwetu siku hiyo hakuna aliyekunywa chai. Watumishi wakapiga kelele, vyama vya wafanyakazi vikapiga kelele, mwisho wa Desemba Rais Magufuli akasitisha, tukarudi kwenye hali ya zamani. Walioweza kustaafu walistaafu wakikimbia. Mimi nikasema, aah, bado kijana. Julai 2022 ikaja asilimia 33. Juni 2024 kwenye bajeti ikapandishwa hadi 40 kwa sisi tuliokuwa kwenye 50, na 35 kwa wale wa mifuko mingine ambao tangu zamani walikuwa kwenye 25, na bungeni wakapiga meza. Ndiyo, 40 ni kubwa kuliko 33, hata mimi nilipiga meza ya nyumbani. Lakini mtu aliyekuahidi mbuzi, akakuletea kuku, kisha akamwongeza yule kuku mkia, ukimpigia makofi sana unamchanganya.

Halafu hiyo 12.5. Pale ofisini hakuna aliyesoma bima wala takwimu, lakini kila mmoja anakwambia hiyo ndiyo miaka unayokadiriwa kuishi ukishastaafu. Dereva wetu, mtu wa maneno mengi, amejikokotoa hadi mwezi wa kufa. Mimi nikistaafu na 55 nafika 67 na nusu. Amenishauri nisikope kitu cha kulipa baada ya hapo.

Kwenye kukopa ndiko kwenye kidonda chenyewe. Nilipoezeka nyumba nilichukua mkopo wa mtumishi, ule wa kukatwa kwenye mshahara juu kwa juu. Sheria inataka ubakiwe na theluthi moja ya mshahara, na mimi nimebakiwa na theluthi hiyo, haijazidi hata ya chumvi. Afisa mikopo alinyoosha mkopo hadi siku nitakayotimiza 60, kwa uhakika kabisa, kama vile ndiye aliyenizaa. Sasa nikitoka na 55 benki haitasema "hongera mzee, pumzika". Itataka chake kwanza. Kwa hiyo ndugu yangu wa pawatila, shemeji wa Noah na mweka hazina wa dabo, poleni sana. Mbele yenu kwenye foleni kuna mabati.

Haya, tuseme nimekubali yote hayo. Nikaenda kwa afisa utumishi kuulizia tu nyaraka. Ni binti mwenye adabu, nilipoajiriwa hajazaliwa. "Shikamoo baba. Karibu ukae." Akafungua jalada langu. Barua ya ajira ya kwanza ipo, imepigwa taipu, herufi "o" zimetoboa karatasi. Barua za kupandishwa cheo zipo. Barua za uhamisho zipo, nyingi, maana kila niliyemwandikia ilani nzito alikuwa na mjomba wake mahali. Akapekua mbele, akapekua nyuma, akatulia.

"Baba, barua ya kuthibitishwa kazini siioni."

"Ilikuwepo."

"Ndiyo baba, lakini hapa haipo. Bila hiyo kwenye jalada inaonekana kama bado uko kwenye kipindi cha majaribio."

Miaka 30! Nimefunga machinjio haramu, nimemwaga mapipa ya pombe mbele ya walevi wenye hasira, nimepambana na kipindupindu cha mvua baada ya mvua, kumbe serikali ilikuwa bado inanitazama kama nitafaa. Akanishauri kwa upole nikaangalie halmashauri niliyoanzia kazi. Nikafika. Masijala ya kule ilishahamishwa, majalada ya zamani yako stoo, na ufunguo wa stoo uko kwa mtu aliyestaafu. Kwa hiari.

Wakati natafuta barua, washauri wa biashara wamenifungulia kliniki. Kila mtu mjini hapa anajua mstaafu afanye nini, isipokuwa mstaafu. Kuku wa mayai, wanasema. Mimi ndiye ninayekagua mabanda ya kuku wa wastaafu! Nawajua. Mwezi wa kwanza banda lina taa, lina pazia, na mzee anakuonyesha vifaranga kimoja kimoja kama wajukuu. Mwezi wa nne kideri imepita, na chumba kimepangishwa kwa fundi cherehani. Kabla ya kuku ilikuwa kware, watu wakauziana mayai kwa bei ya dawa. Leo ukimtajia mtu kware anageuka kuangalia kama mkewe amesikia. Kuna aliyeniambia ninunue bajaji tatu. Nikamuuliza kwa nini tatu. "Ili moja ikiharibika, na ya pili ikiharibika, unabaki na moja."

Na matapeli nao wanasikiliza chai ya saa nne, sijui wamekaa meza gani. Nimeshapigiwa simu na sauti nzito, tulivu, ya kiofisi: "Mzee, faili lako la mafao liko mezani kwangu, kuna kitu kidogo kimekwama, tuma laki mbili tulisukume." Nikamwambia ndugu, mimi hata barua ya kustaafu sijaandika. Akanyamaza kidogo. Kisha akasema, "Ndiyo maana limekwama."

Mzee jirani yangu, mwalimu mstaafu, ndiye aliyenipa picha ya maisha ya mbele. Mstaafu lazima ahakikiwe, ijulikane kwamba pensheni inalipwa kwa mtu anayepumua. Zamani walisafiri na kupanga foleni, siku hizi wengi wanajihakiki kwa simu. Jumamosi nikamkuta amekaa kwenye kiti cha plastiki katikati ya uwanja, jua la saa sita kichwani, mjukuu ameshika simu. "Babu, sogea. Babu, usifumbe macho. Babu, tulia." Haikubali. Wakahamia chini ya mwembe, haikubali. Wakavua kofia, haikubali. Mwalimu ameanza kunung'unika kwamba huenda kweli amekufa na hakuna aliyemwambia. Ndipo bibi akapiga kelele kutoka jikoni: "Mwambieni avae meno! Picha ya mwanzo alipiga na meno!" Akaletewa meno kwenye bakuli. Akayavaa. Yuko hai.

Nikarudi nyumbani nikaona sasa nimshirikishe mama watoto rasmi, maana ndiye pekee ambaye hakuwa ameomba kitu. Alisikiliza mpaka mwisho akiwa anachambua mchele, hakuinua kichwa.

"Ukistaafu utakuwa unashinda wapi?"

"Hapa. Kwangu."

Akaweka ungo chini. Akanikumbusha likizo yangu iliyopita. Kwamba siku ya pili tu nilifunua masufuria yote nikauliza maji ya kunywa yamechemshwa lini. Kwamba nilinusa kitambaa cha vyombo mbele ya shangazi yake. Kwamba Jumatano akina mama wa kikoba walipokuja kuhesabu hisa walinikuta sebuleni na bukta, na kabla hawajaketi nikawauliza nani kati yao hajanawa mikono. Mwenyekiti wa kikoba hajarudi mpaka leo. "Hiyo ilikuwa likizo ya siku 28," akasema. "Wewe unaniletea ya maisha."

Tukajadiliana. Yeye si mtu mbaya, ana masharti tu. Nikistaafu nitoke nyumbani saa moja asubuhi, nirudi saa kumi jioni, Jumatatu mpaka Ijumaa, na jikoni nisitie pua. Nikamwambia mama, huo si utumishi wa umma uleule, umeondoa mshahara? Na nauli ya kuzurura mjini kutwa nzima atanipa nani?

Akainua ungo wake. "Si una pensheni?"