Mruko Huamuliwa Ardhini

Watangazaji wa mpira wa kikapu na wa wavu hupenda kutuambia kwamba mchezaji fulani amening'inia hewani sekunde mbili nzima. Ili akae hewani muda huo, angelazimika kupanda karibu meta 5, yaani mara mbili ya kimo cha wavu wa wanaume, ambao ni meta 2.43. Anayejiinua sentimeta 60, na huo ni mruko mzuri, hukaa hewani takribani sekunde 0.7 tu.

Hata hivyo, macho yetu hayatudanganyi moja kwa moja. Kwa kuwa mvutano wa dunia humpunguzia kasi anapopanda na kumwongezea anaposhuka, mrukaji huenda polepole zaidi akiwa karibu na kilele, hata nusu ya muda wake wote wa hewani huishia katika robo ya juu ya mruko.

Ninachokipinga ni imani kwamba ipo mbinu ya kujiongezea kimo ukiwa tayari juu. Nyayo zikishaachana na ardhi, njia ya kitovu cha uzito wa mwili, yaani nukta ambayo uzito wote ni kama umekusanyika, imekwisha kupangwa, na kinachobaki mikononi mwa mrukaji ni mkao wake tu. Dick Fosbury, aliyeshinda mchezo wa kuruka juu katika Olimpiki ya Mexico mwaka 1968 kwa kuruka meta 2.24, alivuka ufito kwa mgongo. Mwili ukipindwa namna hiyo, kitovu cha uzito kinaweza kupita chini ya ufito huku mwili wenyewe ukipita juu.

Kazi yenyewe hufanyika ardhini. Mchezaji akichuchumaa kidogo na kujisukuma kwa umbali wa sentimeta 40, kisha akapanda 60, miguu yake imesukuma kwa wastani wa mara mbili na nusu ya uzito wake, tena ndani ya sehemu ndogo ya sekunde. Ndiyo maana siafiki mazoezi ya kurukaruka mamia ya mara hadi wachezaji wachoke: aliyechoka hasukumi kwa nguvu wala kwa wepesi, na vyote viwili vinahitajika. Afadhali miruko michache ya nguvu zote, yenye mapumziko ya kutosha.

Kupima maendeleo, simu inatosha. Rekodi mruko, tafuta sekunde za hewani, zizidishe kwa zenyewe, kisha zidisha kwa 1.23 upate kimo kwa meta: sekunde 0.6 hutoa sentimeta 44. Mrukaji atue magoti yakiwa yamenyooka kama alipoondoka, kwani anayeyakunja hewani huchelewa kugusa chini na kujipatia sentimeta asizoziruka.