Soksi ya Alpaka Haihitaji Kuwa Alpaka Tupu

Nimevaa soksi za sufu ya alpaka kwa misimu kadhaa ya baridi, na ushauri wangu kwa anayetafuta soksi yenye joto na yenye kudumu ni kwamba asivutiwe na lebo inayotangaza asilimia 100. Wengi huona kuchanganya nyuzi kuwa ni aina ya udanganyifu. Nami niliamini hivyo, mpaka jozi yangu ya kwanza, iliyokuwa alpaka tupu, ilipolegea na kushuka kifundoni, kisha ikatoboka kisigino kabla baridi haijaisha.

Sababu imo katika unywele wenyewe. Alpaka ni mnyama wa jamii ya ngamia ambaye watu wa milima ya Andes wamemfuga kwa maelfu ya miaka, na hadi leo alpaka wengi wako Peru, katika nyanda zilizo zaidi ya mita 3,500 juu ya usawa wa bahari, ambako jua la mchana ni kali na usiku maji huganda. Nyingi za nyuzi zake, hasa zile nene, zina uwazi katikati, na hewa inayonaswa humo na baina ya uzi na uzi ndiyo inayozuia joto la mguu lisipotee. Magamba ya unywele huo yamelala zaidi kuliko yale ya kondoo, na hilo husaidia usiiwashe ngozi sana.

Hata hivyo, unywele huo una mawimbi machache kuliko sufu ya kondoo aina ya merino, na mawimbi ndiyo huufanya uzi uvutike na kurejea ulivyokuwa. Kwa skafu jambo hili halina madhara. Skafu hutulia shingoni. Soksi huvutwa kila asubuhi, hukanyagwa kutwa nzima na kusuguliwa na kiatu mahali palepale, kwa hiyo inahitaji nailoni ya kuimarisha kisigino na ncha ya vidole, pamoja na lastiki kidogo ya kuishika mguuni. Mimi huridhika alpaka ikiwa karibu theluthi mbili ya soksi, kwa sababu joto lake bado nalihisi waziwazi.

Jina jingine linalopotosha ni “alpaka mtoto”. Halimaanishi manyoya ya mnyama mchanga, bali ni daraja la wembamba wa unywele, takriban maikroni 22 (maikroni moja ni sehemu ya elfu ya milimita), na unywele huo unaweza kutoka kwa alpaka mzima. Mwenye ngozi nyepesi ana haki ya kuuchagua, na kwa soksi za kulalia hakuna ulio bora kuuzidi. Kwa soksi za kuvaliwa ndani ya buti siku nzima, mimi huchagua daraja nene kidogo, ambalo huhimili msuguano kwa muda mrefu zaidi.

Yaliyobaki ni matunzo. Huzifua kwa mkono katika maji ya baridi na sabuni isiyo kali, nikazibinya bila kuzisokota, kisha nikazilaza juu ya taulo kivulini, kwa kuwa maji ya moto na msukosuko wa mashine huzifanya nyuzi zishikamane na soksi ikasinyaa. Kisigino kinapoanza kuonyesha mwanga, hukitililia mapema kwa uzi wa sufu, kwa maana tundu likishafunguka kiraka chake huwa kinene na humuumiza mvaaji ndani ya kiatu.