Mwacheni mama afagie

Jumamosi iliyopita shangazi alitufikia Tabata saa moja asubuhi, bila taarifa, akamkuta mama ameinama uwanjani na fagio lake la chelewa. Hata salamu hakutoa. Alimpokonya fagio, akalitupa chini ya mwembe, akanigeukia: "Mna msichana wa kazi humu ndani, halafu wifi yangu wa miaka 72 ndiye anayefagia? Hamna haya?" Mama akaletewa kiti cha plastiki. Akakaa, mikono magotini, anautazama uwanja uliofagiwa nusu.

Sikumjibu, maana shangazi hajibiwi. Lakini neno lile limenikaa kooni wiki nzima, kwa sababu kosa hilo la kumketisha mama tulishalifanya sisi wenyewe.

Baba alipofariki tulimtoa mama Muheza tukamleta mjini. Kule alikuwa anaamka alfajiri, jembe begani, anapanda kile kilima cha shambani na kurudi na mzigo wa kuni. Hapa tukampa kochi, runinga na mtu wa kumletea maji ya kunywa hadi alipoketi. Tuliita mapenzi. Haukuisha mwaka, kusimama tu akawa anashika ukuta, na masika yalipoingia kifua kikambana mara tatu. Daktari mmoja alimpima, akamwangalia miguu, akauliza swali moja tu: "Mama, kijijini ulikuwa unafanya nini?" Alipomaliza kueleza, daktari akatugeukia sisi watoto. Nilitamani ardhi ipasuke.

Kinga ya mwili nayo huzeeka. Nyuma ya mfupa wa kidari kuna tezi ya thaimasi, ndiko chembe T, aina ya chembe nyeupe za damu, zinakofundwa kumtambua adui. Tezi hiyo huanza kunywea tangu ujana, na uzeeni sehemu yake kubwa huwa imegeuka mafuta. Chembe changa zinapungua, na hizo ndizo zinazohitajika chanjo inapouonyesha mwili kirusi ambacho haujawahi kukutana nacho. Ndiyo maana sindano ileile inayomkinga kijana vizuri huweza kumwachia mzee kinga hafifu, tena ya muda mfupi.

Sasa sikilizeni. Mwaka 2018 watafiti wa Birmingham na London walitoa matokeo ya waendesha baiskeli 125 wa miaka 55 hadi 79, watu walioendesha kwa miaka mingi. Thaimasi zao zilikuwa zinatoa chembe T changa kwa kiwango kinachokaribiana na cha vijana. Wenzao wa rika hilohilo wasiofanya mazoezi walikuwa nyuma sana. Kuhusu chanjo yenyewe, Marekani, katika chuo kikuu cha Illinois, wazee 144 waliokuwa wamezoea kukaa tu waligawanywa makundi mawili kwa miezi kumi. Kundi moja likafanya mazoezi ya kuupeleka moyo mbio, jingine ya kujinyoosha na kusimama bila kuyumba. Wote wakachanjwa mafua. Wiki 24 baada ya sindano, waliobaki na kingamwili za kutosha walikuwa wengi zaidi katika kundi la kwanza. Sindano ileile, wazee wa umri uleule. Tofauti ilikuwa miguu na mapafu yao.

Haya, wale waendesha baiskeli si mama yangu: mwanamume ili aingie kwenye utafiti ilibidi aweze kilomita 100 chini ya saa sita na nusu. Na hata kwao, idadi ya chembe zilizochakaa haikuwa tofauti na ya wengine. Mazoezi hayachukui nafasi ya chanjo. Mama alichanjwa korona mwaka 2021 na nitampeleka tena akihitajika. Mwenye moyo mbovu aonane na daktari kwanza.

Lakini Shirika la Afya Duniani linapotaka mzee apate angalau dakika 150 za mazoezi kwa wiki, halimtaki akanunue baiskeli. Kutembea kwa kasi kunahesabiwa. Kulima kunahesabiwa. Kufagia uwanja mzima kwa fagio la chelewa, umeinama, jasho linatoka, kunahesabiwa. Sisi ndio tunaowapokonya wazee wetu dawa hiyo mikononi, tena mbele za watu, tukiogopa majirani watasema tunawatumikisha. Kumheshimu mzee ni kumchotea maji akiwa hawezi. Anayeweza, tembea naye kisimani.

Tangu siku ile ya daktari mama anatembea nami kila jioni hadi sokoni na kurudi. Mwanzo alipumzika mara nne njiani, kwenye benchi la fundi viatu na kwa muuza mkaa. Sasa anapumzika mara moja, na hiyo ni kwa sababu muuza mkaa amekuwa rafiki yake. Ukutani hashiki tena.

Shangazi, najua watoto wako watakusomea haya. Una miaka 68 na kutoka kituoni hadi kwetu ulipanda bodaboda. Jumamosi njoo na viatu vya raba. Wifi yako anatoka saa kumi na moja jioni, na anataka muende wote.