Nimezamia Meli

Kosa la kwanza nililifanya kwenye kundi la WhatsApp la ukoo. Niliandika: "Kesho nazamia meli hapa Kupro." Mama yangu ni mtu wa Tanga, na kuzamia meli kwake kuna maana moja tu. Akapiga simu hapo hapo. "Mwanangu, si una viza wewe? Unajificha nini?"

Nikamweleza kwamba meli yenyewe, Zenobia, iko chini. Ilizama Juni 1980 nje kidogo ya Larnaca, katika safari yake ya kwanza, na malori zaidi ya 100 tumboni. Hakufa mtu. Sasa imelala ubavu, kwenye kina cha mita 42, na watu huenda kuitazama.

"Mnalipa kutazama meli mbovu?"

Hapo sikuwa na jibu.

Cheti changu cha uzamiaji kilikuwa cha wiki mbili tu. Darasani tulifundishwa kwamba majini "niko sawa" ni kuunganisha dole gumba na kidole cha shahada yawe duara. Dole gumba likisimama peke yake maana yake "twende juu", na hapana mjadala: mwenzako akilionyesha, mnapanda. Swali hilo kwenye mtihani nililipata. Mkono wangu, kumbe, haukufanya mtihani.

Tukashuka tukifuata kamba. Bluu tupu, bluu tupu, halafu kwenye mita 16 hivi ubavu wa meli ukajitokeza, kama uwanja wa mpira uliozamishwa. Chewa mmoja mnene akanikodolea macho kama mwenye nyumba anayedai kodi. Jamani! Nikamgeukia kiongozi wangu, nikampa dole.

Akanishika mkono, tukaanza kupanda.

Nikadhani ananipeleka kuzuri zaidi. Kwenye mita 5 tukasimama dakika 3, ndio utaratibu. Akaniuliza kwa duara: uko sawa? Nikamjibu kwa madole mawili. Akanibana mkono zaidi, kiganja kikisema tulia, tulia. Nami nikazidi kumhakikishia.

Tulipoibuka akaniuliza, "Una tatizo gani?"

"Sina."

"Mbona umetaka kupanda?"

Sote wawili tukautazama mkono wangu. Dole lilikuwa bado limesimama.

Picha niliyopata ni moja: chuma chenye kutu, na mbele yake glavu nyeusi, dole juu. Nikaituma kwenye kundi. Mjomba akajibu kwa madole gumba matatu.

Mama akaandika: "Nahodha hajakuona?"