Uliza Uzi wa Zulia Kabla ya Kuuliza Rangi Yake

Hivi karibuni nilimsindikiza binamu yangu kununua zulia la sebuleni, nikarudi nikiwa nimeudhika kiasi cha kushindwa kunyamaza. Tulipomwuliza muuzaji zulia lile limefumwa kwa uzi gani, alilikunjua mbele yetu na kusema, "Dada, hebu pitisha mkono uone lilivyo laini." Niliporudia swali, alijibu kwamba ni hariri ya kisasa. Nikapindua pembe ya zulia, nikaikuta lebo ndogo iliyoandikwa viskosi asilimia 100, yaani uzi unaotokana na mbao, si hariri. Binamu yangu ana watoto wadogo ambao maziwa na maji ya matunda huyanywea sakafuni, na muuzaji alilijua hilo kwa sababu tulikwisha kumweleza.

Ulaini si jibu la swali la uzi. Karibu kila zulia jipya ni laini linapokuwa limetandazwa dukani, ambako hakuna mtu aliyelala juu yake, hakuna kiti kilichoburutwa juu yake, na hakuna kikombe kilichopinduka. Hata hivyo wengi wetu huanza na rangi, tukaja kwenye ulaini, kisha ukubwa wa chumba, na suala la uzi likabaki la mwisho kama likikumbukwa kabisa. Ninaamini kwa dhati kwamba mpangilio huo umepinduka, na kwamba ndio unaowafanya watu wengi walalamike kuwa mazulia hayadumu, ilhali walichokosea ni kuliweka zulia la aina fulani mahali lisipoweza kuishi.

Hiyo viskosi iliyopewa jina la hariri hutengenezwa kwa massa ya mbao yanayoyeyushwa kwa kemikali na kukamuliwa kupitia matundu madogo mpaka yawe nyuzi. Ni nyuzi zenye kung'aa, zinazopokea rangi vizuri sana, na kwa macho ya mtu asiye mzoefu zinafanana na hariri kabisa. Zikilowa, hata hivyo, hupoteza karibu nusu ya nguvu zake. Maji matupu yakimwagika juu ya zulia la namna hiyo, manyoya, yaani zile nyuzi zilizosimama juu ya zulia, hulala na kushikamana, na mahali pale hubaki alama ya manjano au ya hudhurungi ambayo hata fundi wa kusafisha mwenye uzoefu huogopa kuigusa, kwa kuwa dawa nyingi za kusafisha nazo zina maji. Lile zulia linaloitwa hariri ya mianzi nalo kwa kawaida ni viskosi hiyo hiyo, tofauti ikiwa tu kwamba massa yake yametoka kwenye mianzi. Sina ugomvi na mtu anayelitandika katika chumba cha kulala kisicho na pilikapilika, akijua anachokinunua. Ugomvi wangu ni na jina. Mtu anayeuziwa hariri anaamini amenunua mojawapo ya nyuzi imara kuliko zote za asili, kumbe ameuziwa uzi unaoharibiwa na glasi moja ya maji.

Njia ya kuutambua uzi ipo, nayo haihitaji utaalamu. Chomoa unyuzi mmoja kutoka ukingoni, ushike kwa kibanio, kisha uuchome moto. Sufu huwaka kwa shida, hunuka nywele zilizoungua na kuacha jivu jeusi linalovunjika ukilifinya; hariri nayo hunuka vivyo hivyo. Viskosi huwaka upesi na kunuka karatasi iliyoungua. Nailoni, poliesta na polipropilini, ambazo ni nyuzi za plastiki, huyeyuka, zikapoa na kuwa kitone kigumu. Muuzaji anayekiamini anachokiuza hatakunyima unyuzi mmoja.

Mimi ni mtetezi wa sufu, na sababu zangu zimo katika maumbile ya uzi wenyewe. Unyuzi wa sufu umejikunja kwa asili, kwa hiyo ukikandamizwa na mguu wa meza hujitahidi kurudi juu. Juu yake una magamba madogo sana na mabaki ya mafuta ya kondoo, navyo husaidia uchafu usizame haraka. Unaweza kunywa unyevu wa hewani hadi kufikia karibu asilimia 30 ya uzito wake bila kuonekana umelowa. Kaa la moto likiudondokea, huacha doa la kuungua ambalo mara nyingi linaweza kukwanguliwa, badala ya tundu lililoyeyuka. Na wafumaji wa zamani waliujua thamani yake kuliko sisi. Zulia la Ardabil, lililofumwa nchini Iran wakati wa utawala wa Shah Tahmasp na kutiwa tarehe inayolingana na mwaka 1539 hadi 1540, lina nyuzi za mtande na mshindio, yaani zile za urefu na za upana zinazolishikilia zulia, za hariri, lakini manyoya yake, yaani sehemu inayokanyagwa, ni ya sufu. Watu waliokuwa na hariri ya kutosha kufumia zulia la urefu wa zaidi ya mita 10 waliificha hariri hiyo ndani, ambako ingeshikilia vifundo vilivyosongamana, na nyayo wakazipa sufu.

Ninalazimika kukiri kwamba sufu ina matatizo yake. Miezi ya mwanzo hutoa vinyweleo vingi, nao watu huogopa wakidhani zulia linakwisha. Viwavi wa nondo huila, hasa chini ya makochi ambako hapafagiliwi wala hapapati mwanga. Dawa za kung'arisha nguo zenye klorini huiyeyusha kabisa. Na bei yake iko juu, jambo ambalo siwezi kulipuuza ninapomshauri mtu mwenye bajeti ndogo.

Kwa mtu huyo, nyuzi za viwandani si laana, ingawa ningependa waziuzao waseme ukweli kuzihusu. Nailoni, iliyobuniwa na Wallace Carothers katika kampuni ya DuPont mwaka 1935, ndiyo inayovumilia zaidi kukanyagwa. Kama una ngazi au ujia ambao kila mtu wa nyumba hupita, nenda nayo bila wasiwasi. Poliesta hung'aa na kustahimili madoa ya maji, ila hulala mapema pale panapopitwa sana. Polipropilini ndiyo iliyojaa madukani kwa sababu ni rahisi, hainywi maji, na mara nyingi rangi yake hutiwa kabla uzi haujatengenezwa, hivyo haichuji ovyo. Hapo ninaikubali, hasa kwenye baraza au chumba cha kuchezea watoto. Lakini mafuta huing'ang'ania, manyoya yake yakishalala hayainuki tena, na huyeyuka kwenye joto la takribani nyuzi 165 za Selsiasi, kiasi kwamba kabati zito likiburutwa kwa nguvu juu yake msuguano peke yake unaweza kuacha mstari unaong'aa usiofutika. Pasi ya moto ikiwekwa juu yake kwa bahati mbaya, hakuna la kufanya.

Mkonge na juti hupendeza sana kwa wanaopenda nyumba yenye sura ya asili. Mkonge ni mgumu na hukwaruza magoti ya mtoto anayetambaa; juti ni laini zaidi lakini dhaifu. Vyote viwili huonyesha alama za maji, kwa hiyo visiwekwe karibu na jiko wala bafu.

Baada ya uzi, jambo ninalotaka msomaji alishikilie ni msongamano. Watu husifu manyoya marefu, wakipima ubora kwa namna vidole vya mguu vinavyozama, ilhali urefu hausemi lolote kuhusu uimara. Likunje zulia kuelekea nyuma, manyoya yakiwa nje, kama anayetaka kulivunja, kisha utazame kwenye mkunjo. Ukiuona upesi upande wa chini kati ya safu za manyoya, nyuzi hizo zimepandwa mbalimbali, nazo zitalala kwa sababu hakuna jirani wa kuzishikilia. Kama umelazimika kuyatenganisha manyoya kwa kidole ndipo uone kitako chake, hilo ni zulia lililosongamana, hata kama manyoya yake ni mafupi. Tofauti hii inakuwa kubwa zaidi mchanga unapoingia, kwa sababu chembe zake hushuka hadi chini ya manyoya na kila anayekanyaga huzisaga dhidi ya nyuzi mpaka zikatike shinani. Kwenye manyoya marefu yaliyo wazi, chembe hizo hufika chini kwa urahisi, na mashine ya kufyonza vumbi haizifikii vizuri. Zulia la manyoya marefu linafaa kando ya kitanda, mahali pa mguu mtupu wa asubuhi, na kwa maoni yangu halina kazi yoyote chini ya meza ya chakula.

Kuna pia mazulia ambayo nyuzi zake hazikukatwa, bali zimeachwa zikiwa vitanzi. Haya hustahimili mapito mengi na hayaonyeshi nyayo. Kama unafuga paka, yaepuke, kwa maana ukucha mmoja ukinasa kitanzi na kukivuta, safu nzima inaweza kufumuka kwa mstari mrefu. Kitanzi kilichochomoza hukatwa kwa mkasi usawa wa vingine, hakivutwi hata kidogo. Zulia la manyoya yaliyokatwa ni laini zaidi na huacha alama za nyayo na za ufagio, jambo linalowakera wengine na mimi halinisumbui.

Kwa wanaonunua zulia lililotengenezwa kwa mkono, ninasihi wapindue upande wa chini kabla ya kutoa pesa. Lililofungwa vifundo kwa mkono huonyesha nakshi ile ile kwa nyuma, karibu sawa na ya mbele, pamoja na dosari ndogondogo za mkono wa mtu. Matamvua yake ni ncha za nyuzi za mtande zenyewe, yaani ni mifupa ya zulia. Ukikuta mgongo umefunikwa kitambaa, na matamvua yameshonewa pembeni, hilo limepandwa nyuzi kwa bunduki ya mkononi juu ya turubai na kugandishwa kwa gundi ya mpira. Gundi hiyo huchakaa kadiri miaka inavyopita, ikaanza kumwaga unga sakafuni na kuachia nyuzi. Aina zote mbili huitwa za mkono, na kwa maneno hakuna aliyedanganya, lakini moja hufungwa kifundo kwa kifundo kwa miezi mingi na huweza kurithiwa, ilhali nyingine hukamilika kwa siku chache. Kuuza ya pili kwa bei ya kwanza ni dhuluma, na mnunuzi ana haki ya kuuliza ipi ni ipi kabla hajafungua pochi.

Kuhusu mtindo na rangi sitasema mengi, kwa kuwa kila mtu ana jicho lake. Zulia dogo kupita kiasi, linaloelea katikati ya sebule bila kuguswa na kiti chochote, huifanya sebule nzima ionekane imepungua. Angalau miguu ya mbele ya makochi ikanyage juu yake. Nakshi na mchanganyiko wa rangi huficha madoa kuliko rangi moja tupu, na watu husahau kwamba rangi iliyokoza sana huonyesha vumbi na vinyweleo sawa na vile nyeupe inavyoonyesha tope. Dirisha linaloingiza jua kali nalo lifikiriwe. Lile zulia la Ardabil sasa limo katika jumba la makumbusho la Victoria and Albert jijini London, na ili rangi zake zisififie huwashiwa taa kwa dakika 10 tu kila nusu saa. Zulia la nyumbani haliwezi kutunzwa hivyo, lakini linaweza kugeuzwa upande kila baada ya miezi kadhaa ili jua na nyayo visiumize sehemu moja.

Tandiko la chini ya zulia nalo huonekana kama gharama ya ziada, na muuzaji mwenye haraka halitaji kabisa. Kwa zulia linalofunika chumba kizima, tandiko thabiti la unene wa milimita 8 hadi 10 huongeza umri wake. Nene na laini kupindukia huliacha zulia likinesanesa kila linapokanyagwa, na kitako chake kikaanza kulegea. Kwa zulia la kutandika juu ya vigae, tandiko jembamba lisiloteleza ni suala la usalama kabla ya kuwa suala la starehe, hasa panapoishi mzee. Pima pia nafasi iliyo chini ya mlango kabla ya kuagiza, kwa sababu mlango unaokwaruza zulia kila siku hulimaliza katika upana wake wote.

Binamu yangu hakulinunua zulia lile. Nilimshauri aombe kipande cha sampuli cha kila zulia linalomvutia, akiweke sebuleni kwake usiku na mchana, akimwagie maziwa, akisugue kwa sabuni, akikanyage kwa viatu, na auweke mguu wa meza juu yake hadi kesho yake aone kama manyoya yataamka. Duka la kwanza lilikataa kumpa, naye akaenda la pili.