Viuavijasumu vya Baharini: Aliyeshindwa ni Nani?

Kwa zaidi ya miaka 70 wanakemia wamechunguza sponji, konokono na matope ya sakafu ya bahari wakitafuta dawa, na wenye mashaka wana swali moja zito: kiko wapi basi kiuavijasumu, yaani dawa ya kuua bakteria, kilichotoka huko? Dawa za saratani zipo, ya maumivu makali ipo, lakini upande wa bakteria rafu ya dawa wanaiona tupu. Swali hilo ni la haki. Jibu linalotolewa, kwamba fedha za utafiti huo zingeelekezwa kwingine, ndilo linalokuja haraka mno.

Hoja zao si za kubeza. Mwaka 1993 Michael Zasloff na wenzake walieleza skwalamini, kemikali waliyoikuta katika papa mdogo aitwaye Squalus acanthias. Iliua bakteria na kuvu, lakini haikuwahi kuwa kiuavijasumu cha hospitalini. Kemikali nyingi za namna hii huua kwa kutoboa utando wa seli, na si rahisi kupata inayotoboa utando wa bakteria ikauacha wa mgonjwa salama.

Kuna pia suala la kiasi, ambalo binafsi naliona zito kuliko yote. Huko New Zealand ilivunwa tani nzima ya sponji wakapata takriban miligramu 300 za halikondrini, kemikali inayozuia seli za saratani kugawanyika. Watetezi wa bahari hukimbilia kusema kwamba tatizo hilo lilitatuliwa: wanakemia waliipunguza molekuli hiyo, wakaijenga maabara kwa hatua zaidi ya 60, na mwaka 2010 Marekani ikaidhinisha eribulini kwa saratani ya matiti. Ni kweli, lakini tuangalie dozi. Mgonjwa wa saratani huhitaji miligramu mbili tatu tu za eribulini kwa mara moja, ilhali mgonjwa wa nimonia hupewa gramu moja au mbili za seftriaksoni, kiuavijasumu cha sindano, kila siku. Tofauti hiyo ni ya mara mia kadhaa, hata kufikia elfu moja, na kiuavijasumu hakivumiliwi bei ya dawa ya saratani. Njia iliyoiokoa eribulini haiwezi kutegemewa hapa.

Hata hivyo hesabu hiyo inaifunga njia ya kuvuna sponji, haiifungi bahari. Sponji hana gamba wala hakimbii, naye huchuja maji mengi yaliyojaa vijidudu. Katika baadhi ya spishi, bakteria wanaoishi ndani yake hufikia theluthi moja ya uzito wake, na mara nyingi wao ndio wanaotengeneza kemikali tunayoisifia kuwa ya sponji. Bakteria akikubali kukuzwa maabara, anaweza kufugwa kwenye matangi na kuzalisha kwa kilo. Wengine wapo kwenye matope yenyewe: anthrasimaisini, kemikali iliyotangazwa mwaka 2013, ilitoka kwa bakteria wa mashapo ya karibu na Santa Barbara, California, na huua vimelea vya kimeta pamoja na bakteria sugu aina ya stafilokokasi.

Na rafu si tupu kama inavyodaiwa. Mwaka 1945 Giuseppe Brotzu, profesa wa afya ya jamii huko Cagliari, Sardinia, alichota maji ya bahari mahali bomba la maji taka lilipomwagia, akapata kuvu iliyozuia vimelea vya homa ya matumbo. Aliituma Oxford, ambako Edward Abraham na Guy Newton walitenga sefalosporini C, kemikali ya kuvu hiyo isiyovunjwa kirahisi na kimeng'enya kinachoiangamiza penisilini. Dawa ya kwanza ya ukoo huo iliuzwa mwaka 1964, na seftriaksoni inayochomwa wodini kila siku, kuanzia Mombasa hadi Bujumbura, ni wa ukoo huohuo. Wenye mashaka watasema kuvu ile huenda ilitoka nchi kavu ikasombwa na maji taka. Inawezekana kabisa, na nisingejenga kesi nzima juu yake. Ninachokitazama ni ile miaka 19, ambayo mwanzoni iliendeshwa na vyuo, bila kungoja soko lijitokeze.

Leo soko lenyewe ndilo linaloua dawa mpya. Kampuni ya Achaogen ya California ilipata idhini ya kiuavijasumu kipya, plazomisini, mwezi Juni 2018, na Aprili 2019 ikaomba kufilisiwa. Dawa mpya huwekwa akiba ili vimelea visiizoee, kwa hiyo haiuziki. Mwaka 2022 England ilianza kwa majaribio kulipa ada ya kila mwaka kwa dawa mbili bila kujali zimetumika kiasi gani. Zote mbili zimejengwa juu ya sefalosporini.

Wenye mashaka wana hoja moja zaidi, na ndiyo inayotuhusu sana: hospitali nyingi za kwetu hazina maabara ya kuotesha vimelea ili kujua dawa ipi inafaa, hivyo seftriaksoni inachomwa kwa kubahatisha na usugu unaongezeka. Nakubaliana nao kwa kila neno, isipokuwa pale wanapodhani kwamba fungu la maabara hizo limeliwa na utafiti wa baharini. Mafungu hayo hayatoki mfuko mmoja, na kuufuta utafiti huo hakutaongeza hata sahani moja ya kuoteshea vimelea katika hospitali ya wilaya.